Nimefuta vidio yangu kubwa kuliko zote, na sababu ni kona ya bafu

Wiki iliyopita nilifuta vidio. Si vidio yoyote tu. Ni ile ambayo wengi wenu mlinijua kwayo, ile ya kurekebisha bafu kwa mia mbili. Zaidi ya watu 40,000 walikuwa wameitazama. Ilinipa wafuasi, ikanipa kazi mbili ndogo za matangazo, na kwa mara ya kwanza tangu niache chuo nikasikia mathe akimwambia shangazi kwa simu kwamba naye ana mtoto anayefanya kitu.

Sasa haipo. Wengi mmeniandikia mkiuliza kama akaunti imeibiwa. Haijaibiwa. Niliifuta na kidole changu mwenyewe kwa sababu ilikuwa inadanganya. Leo nataka kuwaambia ilidanganya wapi, nani alilipia, na hiyo kazi inafanywa vipi kwa ukweli. Ni ndefu kidogo, lakini kama unaishi kwa keja yenye taili bafuni, soma hadi mwisho.

Kwa wale hawakuiona: naishi ghorofa ya pili hapa Eldoret, upande wa Langas. Ni bedsita, na bafu ni kale ka kugeuka tu umegonga ukuta. Choo hapa, shawa ya umeme hapo juu, taili nyeupe kutoka chini hadi juu ya kichwa. Siku nilihamia, hizo taili ndizo zilinifurahisha kuliko kitu kingine. Sisi nyumbani tulilelewa na sakafu ya simiti nyekundu, ile ya kupakwa nta Jumamosi hadi magoti yanauma. Siku hizi taili ziko hata kwa keja za bei ya chini. Si lazima zitoke ng'ambo tena. Saj wanatengeneza Athi River, Twyford wana kiwanda Kajiado. Mwenye ploti akitaka kupandisha kodi, anaweka taili, na sisi tunaona tumefika.

Mwezi wa pili nikaanza kuona nyufa. Pale ukuta unakutana na sakafu kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, na kwa kona mbili za ukuta, hivyo hivyo. Katikati ya taili, ile grauti ilikuwa inatoka unga ukiigusa. Na weusi ule wa kuvu ulikuwa umeingia ndani ambapo brashi haifiki.

Nikafanya nini? Nikaenda hadiwea, nikanunua simiti nyeupe ya kupimiwa, nikaikoroga na maji kwa kopo la siagi, nikapaka na kidole juu ya nyufa zote, kona na kila mahali. Nikapangusa. Nikapiga picha kabla na baada, nikaweka muziki, nikaandika "Acha kulipa fundi". Dakika moja na sekunde kumi. Bafu iling'aa kama ya hoteli.

Mtu mmoja aliandika chini yake kwamba hiyo haitashika, kona haijazwi na simiti. Mwingine akaandika, "Hii ndiyo shida ya kuacha shule." Nikawajibu wote wawili jibu moja: shule ya nini na intaneti iko? Jibu hilo pekee lilipata laiki zaidi ya 600. Nililala nikiwa nimeshiba.

Kona ilishika wiki sita.

Nilijua kwa sababu Mama Mapacha wa chini alibisha mlango Jumapili jioni. Tunamwita hivyo ploti nzima, ana wavulana wawili wa miaka minne na anauza mboga mjini. Hakuja na makelele. Angekuja na makelele ningejua pa kushika. Alisema tu, "Msichana wangu, si wewe ndiye fundi wa kwa simu? Njoo uangalie kitu."

Nikashuka. Kwa dari yake kulikuwa na doa kubwa la rangi ya chai, limeanza kona na kutembea hadi karibu na balbu. Chini yake kulikuwa na kitanda cha wale watoto, na juu ya godoro alikuwa ameweka karai. Tone. Unahesabu hadi nane. Tone. Akaniambia imekuwa hivyo siku tisa, kila nikioga. Alikuwa amesubiri akifikiri ni mvua.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa Kitale aliniandikia. Alikuwa ametumia njia yangu kwa nyanya yake. Kona zimepasuka tena, na simiti niliyowaambia mpanguse "baadaye kidogo" ilikuwa imekauka juu ya taili haitoki. Babake alimwambia atailipia. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Wewe yako bado iko sawa?"

Hilo swali sikulijibu siku tatu.

Mwenye nyumba naye alikuwa mfupi wa maneno: niimalize au itoke kwa dipoziti yangu. Na mimi sina dipoziti ya pili popote. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo iliwashinda nyumbani, na niseme ukweli wote, hata mimi nilikuwa nimechoka. Hiyo dipoziti ndiyo akiba yangu yote inayojulikana.

Mama Mapacha ndiye aliniokoa. Mume wake ana mjomba, mzee ambaye ameweka taili zaidi ya miaka 30, ana cheti cha mtihani wa ufundi cha NITA, gredi ya kwanza. Alikuja Jumatano, akaangalia, akataja bei. Nikanyamaza. Akacheka kidogo, akasema, "Sawa mami. Kama mikono ni yako, mimi nitakaa kwa kiti. Unipe chai na nauli." Nikatoa simu kuiweka kwa stendi. Akasema, "Hiyo weka mfukoni. Leo utaangalia na macho."

Ndiyo maana haya mnayasoma badala ya kuyatazama.

Kitu cha kwanza hakikuwa hata bafuni. Alishuka kwa Mama Mapacha akazima umeme wa ile taa kwa mein swichi, kwa sababu maji yakikutana na waya hakuna cha kurekebisha tena. Akamwambia ahamishe kitanda. Halafu akarudi juu akazima na swichi ya shawa yangu.

Cha pili, alikataa kugusa kona. Mimi nilikuwa tayari na bisibisi. Akaniuliza, "Nani amekuambia ni kona?" Maji yanaweza kutoka kwa paipu ndani ya ukuta, kwa shimo la kutolea maji, au kwa sakafu, na ukikosea hapo unaziba mahali pazima. Kwa hivyo tulijaribu moja moja. Kwanza nilikaa siku nzima bila kuoga wala kufungua maji. Chini hakukudondoka. Ingekuwa paipu ya maji safi ingeendelea kuvuja hata bila mtu kuoga. Pili, nilimimina maji na jagi moja kwa moja ndani ya shimo, bila kulowesha sakafu. Ndoo mbili. Chini, kimya. Tatu, tukaziba shimo na tambara ndani ya karatasi ya plastiki, tukajaza sakafu maji ya vidole viwili hadi yaguse kona. Tukanywa chai. Baada ya kama dakika 40 Mama Mapacha akaita kutoka chini: imeanza.

Sasa tulijua. Na niliona aibu, kwa sababu hiyo yote ni majaribio ya bure. Ndoo, jagi na subira. Kwa vidio yangu hakukuwa na jaribio hata moja.

Halafu akanifundisha kitu ambacho bado nakifikiria. Aligonga taili na mpini wa bisibisi, akisikiliza kama kuna inayolia tupu. Inayolia tupu imeachana na ukuta, na hiyo grauti haitaisaidia, inafaa kutolewa. Zangu zilikuwa nzima isipokuwa moja ya chini. Kisha akaniuliza kwa nini nadhani zimepasuka kwa kona na si katikati. Sikujua. Akasema ukuta ni kitu kimoja na sakafu ni kitu kingine. Kila kimoja kinacheza kivyake. Nyumba inakaa chini pole pole, sakafu inabeba watu, na asubuhi ya Eldoret unawasha maji moto kwa ukuta uliolala kwa baridi usiku kucha, unatanuka, halafu unapoa tena. Ni kidogo sana, jicho halioni. Lakini simiti ni ngumu ukiikandamiza na dhaifu ukiivuta. Mahali vitu viwili vinavutana, kitu kigumu lazima kipasuke. Haijalishi umepaka vizuri namna gani.

Baadaye nilienda kusoma mwenyewe. Hata mwongozo wa Tile Council of North America, wanaoutumia mafundi wa Marekani, unasema vivyo hivyo: pale ukuta unapokutana na sakafu au na ukuta mwingine, unaacha nafasi na kuweka kitu kinachonyooka, si grauti. Yule jamaa aliyeniandikia chini ya vidio alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Nilimjibu na laiki 600.

Haya, kazi yenyewe.

Sehemu kubwa ni kutoa, si kuweka. Siku nzima ya kwanza nilikwangua tu. Mzee alivunja wembe wa haksoo, akaufunga kitambaa upande mmoja uwe mpini, akanipa miwani na barakoa kwa sababu ule unga una mchanga laini ambao si wa kuingia kifuani. Unalowesha kidogo ili usiruke. Unatoa grauti mbovu hadi angalau theluthi mbili za unene wa taili, kwa sababu ukipaka kitu chembamba juu ya kingine kilichooza, hakina cha kushikilia. Hiyo simiti yangu nyeupe ilitoka kama maganda ya yai. Vipande virefu, visafi. Haikuwa imeshika popote.

Kwa kona unatoa kila kitu hadi uone nafasi tupu. Kama kulikuwa na silikoni ya zamani, inatoka yote, kwa sababu mpya haishiki vizuri juu ya nzee. Kuvu tulipaka Jik iliyopunguzwa na maji, tukasuuza, tukaacha dirisha wazi. Na tafadhali, usichanganye Jik na ile dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo ni sumu, na bafu letu halina hata pa kukimbilia.

Halafu kukausha. Hapa ndipo sisi watu wa 64 tunashindwa. Mji uko juu ya mita 2,000, ilikuwa mwezi wa saba, mvua kila mchana. Mzee alisema siku nne bila tone la maji. Siku nne nilioga kwa rafiki yangu upande wa Annex, nikienda na taulo kwa mkoba kama mtu wa bweni. Kila siku nilitaka kumwambia imekauka. Kila siku alikuwa anabandika kipande cha plastiki kwa kona, na asubuhi anaangalia kama kuna jasho ndani. Siku ya nne hakukuwa na jasho.

Grauti ya kweli si simiti nyeupe tu. Inauzwa kwa mfuko, imechanganywa na vitu vya kuifanya ishike na isinywee sana. Mfereji wako ukiwa milimita 3 kwenda juu, nunua yenye mchanga. Ukiwa mwembamba, isiyo na mchanga. Unaweka maji kwanza halafu unga, kidogo kidogo. Isiwe uji na isiwe ugali, iwe kama siagi ya karanga. Unaiacha dakika kama kumi, unakoroga tena. Ikianza kuwa ngumu usiongeze maji, kwa sababu maji ya ziada yakikauka yanaacha vishimo na hapo ndipo inapasukia. Unaisukuma ndani na kipande cha mpira ukienda mshazari, ili usiichote tena kutoka kwa mfereji. Kisha unapangusa na sponji iliyokamuliwa vizuri kabla haijakauka juu ya taili. Kabla, kijana wa Kitale. Si "baadaye kidogo". Hilo ni kosa langu.

Siku ya pili yake ndiyo tulifanya kona. Tyubu ya silikoni ya bafu, ile imeandikwa inazuia kuvu. Nyingine zinanuka kama siki, na hizo hazipatani vizuri na simiti, kwa hivyo uliza isiyonuka siki. Muuzaji aliniuliza kama mume wangu amenituma. Nikamwambia nimetumwa na mama wa chini.

Unabandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za kona, unakata mdomo wa tyubu mshazari, unavuta mstari mmoja bila kusimama. Unapitisha kidole chenye maji ya sabuni mara moja. Mara moja tu, ukirudia unaharibu. Unatoa selotepu ikiwa bado mbichi. Halafu unaondoka. Nilidhani silikoni inakauka kama rangi, kumbe inakomaa kwa kunywa unyevu ulio hewani, kutoka nje kwenda ndani, na baridi inaichelewesha. Tyubu iliandikwa saa 24. Mzee akasema, "Hiyo ni ya Mombasa. Wewe ngoja siku mbili."

Nikangoja siku tatu.

Tukarudia jaribio la maji ya vidole viwili. Nilikuwa nimekaa kwa kitanda cha Mama Mapacha nikiangalia dari na wale mapacha, kila mmoja na kipande cha chapati. Dakika 40. Saa moja. Saa mbili. Hakuna tone. Mmoja wao akauliza tunangoja nini. Sikujua niseme nini, nikamwambia tunangoja kisitokee kitu.

Sitawaambia mambo yameisha, kwa sababu Mzee hakuniambia hivyo. Taili na grauti si kinga ya maji. Grauti hunywa maji, hata ikiwa nzuri. Kinga ya kweli inapakwa chini ya taili kabla hazijawekwa, na kwa hii nyumba inaonekana hakuna aliyeipaka. Nilichofanya kinanunua muda, pengine miaka, ikiwa nitaangalia kona mara kwa mara. Nilimwandikia mwenye nyumba hayo yote, na picha, ili yawe kwa maandishi. Amesema ataona. Dipoziti bado iko.

Dari ya Mama Mapacha nimeipaka rangi na doo ya lile tangazo la pili. Kijana wa Kitale nilimtumia tyubu moja na wembe wa haksoo kwa matatu, na ukurasa mmoja wa maelezo. Alinijibu na neno moja: "Sawa." Nafikiri ni haki yake.

Sasa ile maneno ya shule. Nilipoacha chuo nilisema sijaacha kitu, kila wanachofundisha kiko kwa intaneti. Na ni kweli, kiko. Hata hii ya kona iko, ilikuwa chini ya vidio yangu mwenyewe, imeandikwa na mtu sijui. Lakini chuoni kulikuwa na kitu kimoja nilichokichukia sana, na ndicho nimekosa: kulikuwa na mtu kazi yake ni kuniambia umekosea, na sikuwa na njia ya kumshinda kwa laiki. Mzee alikuwa huyo mtu kwa siku tisa. Bila yeye ningepaka tena na ningewaonyesha tena.

Vidio yangu haikuonyesha kitu cha uongo. Ile bafu iling'aa kweli. Shida ni kwamba niliizima ikiwa bado inang'aa, kabla maji hayajafika chini. Watu 40,000 waliona ukuta wangu. Aliyeona dari ni mama mmoja tu, na hana akaunti.

Kwa hivyo kuanzia leo kitu chochote nikirekebisha, sitakiweka hapa hadi kipitishe miezi miwili kikitumika. Nitapoteza watu, najua. Na nyinyi mkiona mtu amerekebisha kitu kwa dakika moja, hata kama ni mimi, muulizeni kile kijana wa Kitale aliniuliza: yako bado iko sawa?

Yangu, leo asubuhi, nimeangalia. Iko sawa. Nitaangalia tena Jumapili.